Antoni wa Kikosi cha Miavuli

Kwa miaka kumi na minane Kornel, mkulima wa kahawa wa Kilema, aliwasimulia watu kwamba mwanawe Antoni alikufa kwa kuteleza. Jeshi lilileta jeneza lililopigiliwa misumari, na karatasi yenye maneno matatu: ameanguka akiwa kazini. Kornel akamzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, akamlaani kimoyomoyo mtu aliyemwaga maji sakafuni.

Kosa lilikuwa la neno moja tu. Mwaka wa vita, 1978, Antoni aliandika kutoka kambini: "Baba, wananitaka kikosi cha miavuli. Nasubiri neno lako." Kilema mvua haiombi ruhusa, na mwavuli kila mtu anaujua. Kornel akamwona akilini kijana wake gwaridani, amemfunika ofisa asilowe. Vita vyote vile, halafu mtoto apewe kazi ya kivulini! Mkewe, Hilaria, alisema mtoto abaki alipo. Kornel akajibu barua siku ileile: "Kubali upesi kabla hawajampa mwingine. Mama yako ana woga wa bure."

Mwaka 1997 mwanajeshi mmoja mstaafu alifungua makumbusho madogo Moshi mjini, ya wenzake wa kikosi kile, akawaalika wazazi. Asubuhi hiyo Hilaria alilalamikia magoti, akasema wasiende. Kornel hakusikia la mtu. Alivaa koti lake la Pasaka, akateremka mjini kwa mbwembwe, na mkewe nyuma.

Aliyewapokea ni binti wa zamu, Ruth. "Shikamooni. Karibuni. Huu hapa ndio mwavuli wenyewe."

Darini palitandazwa kitambaa kikubwa kuliko turubai la kuanikia kahawa, kamba tele zikishuka. Ukutani palikuwa na picha: ndege, mlango wazi, na mtu yuko nje, angani, hana cha kukanyaga.

"Wamemtupa?" Kornel aliuliza.

"Ameruka mwenyewe, babu. Mwavuli ukifunguka anashuka taratibu."

"Usipofunguka?"

"Anaanguka, babu." Kornel akalitambua lile neno la kwenye karatasi. Akakaa chini, pale pale sakafuni, na koti lake la Pasaka.

"Na aliyekataa? Walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu, babu. Ilikuwa hiari."

Hiari! Kornel alifunika uso kwa viganja. "Mama Antoni," alisema, "mimi ndiye niliyemwambia akubali."

Hilaria hakushtuka. Hakuwa ameitazama hata ile picha. Alikuwa akimtazama yeye tu. Kornel akainua macho, na sasa akaogopa kuliko mwanzo.

"Ulijua?"

"Siku ya matanga. Mwenzake aliyeleta jeneza alinieleza."

"Miaka yote hii unanisikiliza nikisema aliteleza! Mbona hukuniambia?"

Hilaria aliketi taratibu kando yake, akamshika mkono.

"Nilikuwa nimeshazika mmoja, Baba Antoni. Wa pili ningemzika na nani?"