Waya Chini ya Sakafu ya Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa fundi kwenye mtambo wa umeme wa Wete, na kama mafundi wengi, nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kupata taa. Ilipopata, hakutosheka. Mama yake, ambaye tulikaa naye nyumba moja, alikuwa na kifua kilichochoka kwa moshi wa kuni, na mwanawe akaapa kumwondoa mafigani. Akanunua jiko la umeme, dogo, la sahani moja, akaazimia kulijengea meza ya saruji katikati ya jikoni. Aliwahi kuiona meza ya namna hiyo kwenye nyumba ya mkubwa mmoja wa kazini huko Unguja, watu wakiizunguka na kupikia upande wowote wautakao. Kupitisha waya kutani hakutaka. Kuta zetu zilikuwa za udongo na mawe, ukipigilia msumari unaanguka na kipande cha nyumba.

Kwa hiyo ilibidi waya upite chini, ndani ya bomba la chuma, kisha juu yake imwagwe zege. Bomba lenyewe lilikuwa vipande viwili. Nilimwona akiviunga na kuzungushia kitambaa kilicholowa rangi, huku akijisifu kwamba hata sisimizi hapiti. Kisha akaenda zamu, akamwachia mwashi kazi ya kumwaga.

Mchanga ulikuwa umeshafika. Mama mkwe aliuagiza kwao Shumba, ukaja na gari la abiria la kutoka Konde, magunia yamepangwa juu pamoja na ndizi na kuku wa watu. Ulikuwa mweupe, laini, naye alikuwa na furaha nao kupita kiasi. Alitaka sakafu ing'ae. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ile ilinitia hamu ya kula udongo. Siku ile zege lilipokwisha kumwagwa, nilipita penye mchanga uliobaki, nikachota kidogo nikaulamba. Ulikuwa na chumvi. Ulikuwa mchanga wa pwani.

Kwetu sakafu ya mchanga wa pwani inajulikana. Chumvi huvuta maji, haikauki, mwaka mzima hutoka jasho. Hilo halikuwahi kumdhuru mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kutia umeme ndani yake. Maji yale yakipenya kwenye kiungo cha bomba, umeme ungetoka kwenye waya ukafika sakafuni na kwenye jiko lenyewe. Na jikoni tulitembea miguu mitupu, tukakaa chini kukuna nazi, na kila alasiri mama mkwe alimwaga maji sakafuni akasugua mpaka mlangoni.

Nimwambie mkwe wangu kwamba zawadi yake ndiyo iliyoharibu kazi? Sikuwa na ulimi huo. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Nikamngoja mume wangu arudi, nikamwambia chumbani, kwa sauti ya chini.

"Bomba lile n'meliziba mwenyewe," akasema. "Leo n'vunje sakafu ya mama kwa kuwa weye umelamba mchanga?"

"Nataka usimuue mama yako."

Akasema jiko atalijaribu yeye kwanza kabla mtu hajagusa kitu. Hilo nalo halikunituliza, maana sasa nilikuwa na wawili wa kuwaogopea.

Kila asubuhi niliinama kuipapasa sakafu. Kwengine kote ilianza kupauka, lakini pale bomba lilipopita palibaki mstari mweusi wenye unyevu. Na mama mkwe, badala ya kunipunguzia, akawa anawatangazia majirani kwamba jiko ni lake na hakuna atakayeligusa kabla yake. Nilimwona mtu wa makuu. Nilimkasirikia hasa, na hasira ile nikaimalizia kwenye vyungu.

Siku ilipofika, majirani walijaa mlangoni. Mume wangu akaenda ukumbini kufungua umeme, akituambia tusimame mbali mpaka arudi. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri moyoni: sitamwachia yeye, wala sitamwachia mama yake. Niliposikia swichi ikigonga nikapiga hatua kuiendea meza. Mama mkwe akanisukuma kwa kiwiko, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Kaa kule," akasema, akaweka mkono wake juu ya jiko.

Mkono ulirushwa kama uliopigwa. Akatoa sauti fupi, akaketi chini pale pale kwenye unyevu. Nilipiga ukelele umeme uzimwe, na mume wangu akauzima. Tulipomwinua alikuwa hai, anahema, ananitazama.

Nikaanza kulia. "Mama, n'lijua. Ule mchanga..."

"N'likusikia ulivyomwambia mumeo. Kuta za nyumba hii hazifiki juu."

"Sasa kwa nini umegusa?"

Alingoja pumzi imrudie. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Huyu angegusa," akasema, "na weye ungegusa kabla yake, n'likuwa nakuona siku zote hizi. Mie n'shazaa."

Akaomba maji. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.