Mkono Niliouficha Ndani ya Khanga

Watu waliokuja kunipa pole walianza na bahati. "Una bahati, mkwe wetu. Siku yako ilikuwa bado." Walikuwa wamekaa mkekani nyumbani kwetu Mlabani wakinywa chai ya msiba, na msiba wenyewe ulikuwa wa wifi yangu, binti wa mwisho wa mama mkwe wangu, msichana wa miaka kumi na saba. Mimi na yeye tulipanda mtumbwi mmoja. Nikarudi peke yangu. Niliwatazama wale watu wa bahati nikatamani kuwamwagia chai yao magotini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwenye mkeka ule hapakuwa na maiti hata mmoja.

Kilichotokea kilikuwa kifupi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mpunga umeanza kuiva, na shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto Kilombero kama mashamba ya nusu ya Ifakara. Msimu wa kuamia ndege ukifika, familia hugawana zamu: unavuka, unalala kwenye kibanda cha shambani, na tangu alfajiri mpaka jua kuzama unakaa juu ya dungu, kichanja kirefu cha mlinzi, ukipiga debe na kupayuka, la sivyo ndege wanakula mwaka wako mzima. Zamu ilikuwa yetu, mimi na wifi. Katikati ya mto kiboko aliibuka chini ya mtumbwi. Mpiga kafi akarukia upande wake, mtumbwi ukapinduka upande wetu. Kwa mkono wa kushoto nilikuwa nimekamata ukingo wa mtumbwi. Kwa wa kulia nilikuwa nimemshika wifi. Kisha sikuwa nimemshika tena.

Alipatikana siku ya tatu, chini kwenye matete. Watu waliniuliza aliponyokaje, nikasema maji yalikuwa na nguvu. Wote waliridhika. Mama mkwe aliuliza mara moja tu, akanitazama, akaenda jikoni kuchochea moto.

Baada ya arobaini niligundua kuwa siwezi kushikwa mkono wa kulia. Kwetu salamu si maneno tu. Unasema shikamoo, unapokea marahaba, na mkono unabaki mkononi mwa mwenzio mpaka habari za nyumbani, za shamba na za wagonjwa ziishe. Mimi mtu akiunyoosha wake, wangu ulikuwa unakufa ganzi, masikio yanajaa maji, na pumzi inakwama. Nikaanza kuuficha ndani ya khanga. Mtaa mzima ukasema naringa. Mama mmoja muuza vitumbua aliniambia usoni kwamba tangu niponee mtoni najiona mtakatifu. Nilimjibu maneno ambayo mpaka leo sijayajutia.

Mambo mengine yalikuja yenyewe. Ndoo ya maji ikimiminwa kwenye pipa, naruka. Muuza perege akipita na harufu ya tope la mto kwenye beseni lake, najikuta nimechuchumaa nyuma ya nyumba, sijui nimefikaje. Nilikuwa naota ndoto ileile na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hasira ndiyo sikuwa nikiikosa. Nilimrushia mume wangu mwiko kwa sababu alifungua mlango bila kukohoa. Yeye alikuwa mtu mwema wa aina ile inayochosha: aliokota mwiko, akauosha, akaurudisha.

Na mto sikuvuka. Msimu uliofuata walitafuta kibarua. Msimu wa pili ulipokaribia, mume wangu alikaa kitandani akitazama miguu yake, akasema, "Mwenzangu, mama anasema shamba halilimwi na mtu mmoja. Kama mwaka huu huvuki, anataka nikurudishe kwenu Kiberege, atafutwe mwingine." Nikamuuliza yeye anataka nini. Akasema anataka nivuke. Hivyo ndivyo ndoa yangu ilivyowekwa ng'ambo ya mto, na mimi niko huku.

Mama mkwe hakungoja nivuke mwenyewe. "Dawa ya moto ni moto," alisema. "Mto umemshika, mto utamwachia." Akaita mashangazi wawili wa mume wangu, akatafuta kaniki na unga mweupe, na asubuhi moja wakanipeleka kivukoni wakisema tunakwenda tu kutambika, nitasimama kando. Nilisimama kando. Unga ukamwagwa, maneno yakasemwa kwa Kindamba, na kabla sijageuka shangazi mmoja akanishika mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, wakanikokota mpaka maji yakanifika kifuani. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu akisukuma. Nilimng'ata yule aliyeshika wa kulia mpaka nikaonja damu.

Walinirudisha nyumbani nikiwa na akili ndogo kuliko niliyokwenda nayo. Kwa siku kadhaa sikusema neno. Walisema dawa imeingia. Baadaye nikajitafutia dawa yangu: vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa, nikinunua bila kuulizwa, nikimeza bila kuhesabu. Vilinilaza kweli. Vilinilaza hata mbele ya jiko, nikaamka ncha ya khanga inaungua na mama mkwe anaikanyagakanyaga kwa miguu mitupu. Alipomaliza kuizima alinitukana. Nami nilimtukana.

Hospitali nilikwenda kwa hasira, si kwa matumaini. Nilitaka karatasi ya kumwonyesha mume wangu kwamba mimi ni mgonjwa, si mkorofi. Nikaelekezwa kwenye chumba cha mwisho, ambako wagonjwa wa akili walikuwa wakimwona nesi mmoja, mwanamume wa rika langu, Msukuma. Watu wa kwao walikuwa wameshuka bondeni na ng'ombe wao, na mjini tulikuwa hatuwapendi: tulisema wanalisha mpunga wetu. Alininyooshea mkono. Niliuficha wangu. Hakusema naringa. Aliurudisha wake taratibu, akauweka juu ya meza, akasema, "Sawa, dada. Huku ndani hatushikani mikono mpaka utakapotaka wewe."

Hilo liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Aliniuliza vitu ambavyo nilidhani ni vyangu peke yangu. Kama nashtuka. Kama naikimbia njia fulani. Kama siku ile inarudi si kama kumbukumbu bali kama inatokea sasa hivi. Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema hakuna, ni ugonjwa unaojulikana, wanaupata waliotoka vitani, waliobakwa, waliopata ajali, hata waliosimama kando wakiona. Aliutaja kwa jina refu la kitaalamu, kisha akaliacha. "Wewe unaamia ndege, sivyo? Basi fikiria mlinzi aliye juu ya dungu. Mpunga umeshavunwa, umeshapurwa, uko kwenye magunia, na yeye bado anapiga debe. Si mwendawazimu. Alifanya kazi nzuri. Hakuna aliyemwambia msimu umekwisha."

"Basi mwambie ashuke," nikasema.

"Akishushwa kwa nguvu atakung'ata."

Nilimtazama kuona kama amesikia habari za shangazi. Hakuwa amesikia.

Akanieleza njia zilizopo. Wengine hupona wenyewe kadiri muda unavyopita, lakini mimi miaka miwili ilikuwa inaelekea kutimia, nisingoje zaidi. Vile vidonge vya dukani vinafunika chungu tu na chini moto unawaka; nivipunguze polepole chini ya macho yao, nisiviache ghafla. Daktari angeweza kunipa dawa nyingine ya kutuliza mshtuko na kusaidia usingizi, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Na kuna kusimulia: siku ile yote, tangu kuamka mpaka kupelekwa nyumbani, bila kuruka, tena na tena, mpaka niweze kuishika bila yenyewe kunishika mimi. Nilichukua dawa. Kusimulia nikamwambia akawasimulishe ng'ombe wake.

Wiki iliyofuata nilirudi, na iliyofuata, maana nyumbani hapakuwa na mtu wa kunisikiliza hata nikisema nina njaa. Nilisimulia. Kila nikifika kwenye mkono nilisema maji yalikuwa na nguvu, na kila mara aliniambia tuanze tena. Mara ya tano nilichukia kiasi kwamba nilimrushia ukweli kama nilivyourusha ule mwiko. Maji hayakuwa na nguvu. Wifi alikuwa ananipanda, ananivuta chini, kucha zake ziko mkononi mwangu, na mimi niliuchomoa mkono. Niliuchomoa kwa makusudi.

Hakushtuka. Aliniuliza kama ningeendelea kushika ingekuwaje.

"Ungepungukiwa mgonjwa mmoja," nikasema.

Alicheka, na mimi nikalia, kilio kibaya chenye kamasi, cha kwanza tangu msibani. Aliniacha nilie mpaka mwisho, kisha akaniambia nisimulie tena, sasa na mkono ukiwemo.

Baadaye ndipo alipoleta habari ya maji. Kwanza beseni, kutia mkono wa kulia na kuuacha humo mpaka moyo utulie. Halafu kisima, halafu jaruba la mpunga, halafu ukingo wa mto, halafu kukaa kwenye mtumbwi uliofungwa kwenye kigingi. Nilisimama. "Kwa hiyo na wewe unanipeleka mtoni. Wewe na mama mkwe wangu mnatofautiana kwa koti jeupe tu."

"Inawezekana," akasema. "Yeye hakukosea mahali pa kukupeleka. Alikosea nani wa kusema twende na nani wa kusema turudi. Hapa yote mawili utasema wewe."

Ilichukua miezi. Siku nyingine nilifika ukingoni nikasema turudi, tukarudi. Siku nyingine nilimlaani njia nzima. Yeye mwenyewe alikuwa haogelei na akiogopa mto kuliko mbuzi, jambo ambalo lilinipa furaha nisiyoweza kuieleza. Mama mkwe alipopata habari alisema, "Mtu wa ng'ombe atamfundisha nini mtu wa mto?" Nilimwambia amenifundisha kukaa kwenye mtumbwi bila kusukumwa. Nilianza kulala bila vile vidonge vya duka. Ndoto ilikuja mara chache. Mkono bado niliuficha.

Siku ya kuvuka nilimwambia mume wangu atangulie na mizigo, nitakuja mwenyewe. Nilifika kivukoni asubuhi nikamkuta mama mkwe amesimama na kapu lake. Nilijua amekuja kuhakikisha. Nilimpa shikamoo ya mbali, mkono ndani ya khanga, akaitikia marahaba akitazama maji. Mpiga kafi alisema kuna nafasi ya wawili. Nikaingia, nikakaa, nikashika ukingo, nikahesabu pumzi kama nilivyofundishwa. Mtumbwi ukayumba. Mama mkwe alikuwa ameingia nyuma yangu, na alipokaa nilimsikia meno yakigongana.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba na yeye hajavuka tangu siku ile. Miaka miwili alikuwa akisema ni magoti yanayomsumbua. Mimi ndiye niliyetangazwa mgonjwa, na hakuna aliyemuuliza magoti gani yanayoweza kwenda sokoni na kurudi na gunia la mkaa.

Tulipofika katikati alisema, nyuma ya mgongo wangu, bila kupaza sauti, "Walipokuleta siku ile mimi ndiye niliyekubadilisha nguo. Niliona alama za kucha za mwanangu mkononi mwako. Mtu aliyeponyoka hachani hivyo."

Sikugeuka. "Niliuchomoa, mama."

"Najua."

Kafi liliingia majini na kutoka. Nilingoja anisukume, kwa kuwa ndilo jambo ambalo mimi ningelifanya.

"Alikataa kupanda," akasema. "Alilia kwamba mto umejaa. Nikamwambia mpunga hauwangoji waoga. Nikampakia mwenyewe na kapu lake."

Sikumpa pole. Naye hakunipa. Miaka miwili alikuwa akinitazama mkono kila asubuhi, na alikuwa tayari kunirudisha kwetu ili asiuone, na mimi nilikuwa nikimchukia kwa kutojua kitu alichokijua tangu siku ya kwanza. Mtumbwi ukagusa mchanga.

Nilishuka mimi kwanza. Yeye alibaki amekaa, kapu mapajani, ameganda, midomo imekauka. Mpiga kafi alitaka kumsaidia, akamkemea asimguse.

Kisha akanyoosha mkono upande wangu. "Nipe mkono," akasema. "Huo."

Niliutoa kwenye khanga nikampa. Aliushika kwa nguvu zake zote, pale pale penye makovu, kucha zikaingia. Iliniuma, na sikuuchomoa.