Kidole cha Injinia

Ukifika Ruangwa mjini na kuuliza banda la Rahimu Masoudi, watakuuliza kwanza, "Yule Injinia anayesema sana?" kisha watakuonyesha. Liko nyuma ya soko, bati chache na meza moja, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: TUNATENGENEZA SIMU ZINAZOTENGENEZEKA. Maandishi hayo yamemkosanisha na wateja wengi. Mtu analeta simu yake mpya, nyembamba, kioo mbele na kioo nyuma, Rahimu anaigeuza mara mbili na kumrudishia.

"Hii imegandishwa kwa gundi pande zote," anasema. "Betri ikifa na yenyewe imekufa. Kitu usichoweza kukifungua si chako, ndugu yangu. Umepangishwa tu."

Mteja alikuja kubadilisha kioo, anaondoka na hotuba.

Kwa maoni ya Rahimu, teknolojia ya mwisho yenye heshima kufika wilayani ni kitochi, kile kisimu cha vitufe chenye tochi kichwani. Chaji yake hukaa wiki, na kikidondoka kwenye kinu unakifuta pumba unaendelea na maongezi. Baada ya hapo, anasema, vyote vilivyokuja vilikuja kutuchungulia. Ana ya kusema kuhusu programu za mikopo zinazomtumia ujumbe baba mkwe wako, na kuhusu vifurushi vinavyoisha umelala. Ila maneno yake makali kabisa amewawekea wanasiasa.

"Zamani," humwambia Kipriani, dereva bodaboda wa Kimakonde anayeegesha pikipiki kwenye kivuli cha banda, "ofisa akikunyima haki yako alikunyima kwa mdomo wake. Ulijua wa kumkasirikia. Leo anakwambia mfumo umekataa. Mfumo una mama? Mfumo unapiga kura? Nyuma ya kila mfumo kuna mtu amekaa kwenye kiti, akaamua. Siasa ya nchi hii imehamia humo, na sisi bado tunagombania kofia na fulana."

"Sasa Injinia," Kipriani humwuliza, "waliokaa kwenye viti si ndio nyie?"

Hapo Rahimu huinamia simu iliyo mbele yake kana kwamba imemwita.

Maana ni kweli, naye alikaa kwenye kiti. Alizaliwa nje kidogo ya Mbekenyera. Mama yake ni Bi Hajra, Mmwera mwenye shamba la mikorosho arobaini na miwili. Ardhi aliipata kwa mama yake, kama desturi ya kwao ilivyo, inapita upande wa wanawake, lakini mikorosho mingi aliipanda kwa mikono yake akiwa na mimba ya Rahimu. Mzee Masoudi alifariki mtoto akiwa darasa la nne. Tangu hapo Bi Hajra na binti yake, Hadija, walibangua korosho kila siku ya Mungu: wanazikaanga kwenye debe mpaka zinawaka moto, wanazifukia kwa mchanga, kisha wanazipasua moja moja kwa kigongo. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma. Hupaka majivu vidoleni, lakini majivu hayazuii kitu kwa miaka ishirini. Ngozi inababuka, inaota nyingine, nayo inababuka. Korosho zilizobanguliwa ziliuzwa kwa abiria wa mabasi, na Rahimu akasoma.

Yeye hakubangua. Kila akijisogeza jikoni mama alimfukuza. "Nenda kasome. Hii kazi itakuharibu mikono." Hadija, aliyemzidi miaka miwili tu, hakuna aliyemfukuza.

Kuna jambo moja ambalo Rahimu hajamwambia mtu. Alipokuwa sekondari ya bweni Nachingwea, mama yake alikuja siku ya wazazi amevaa khanga mpya, akanyoosha mkono kumsalimia mwalimu wa hesabu. Vidole vile vilikuwa vyeusi, vimepasuka, kucha zimeliwa. Rahimu alimkatiza, akamvuta bega amwonyeshe bweni. Mkono wa mama ukabaki hewani kidogo, halafu akaushusha akaufunika na khanga. Mambo mengine ya shule ile ameyasahau, hili halijamtoka.

Chuo akamaliza, Dar es Salaam akaajiriwa na kampuni ndogo ya kuandika programu, akakaa huko miaka minane. Mradi wao mkubwa wa mwisho ulikuwa mfumo wa kusajili wakulima wa korosho kwa alama za vidole. Mkulima anaweka kidole, mashine inatoa namba ya jinsi alama ilivyo safi, kutoka sifuri mpaka mia. Ikifika kiwango, umesajiliwa, utapata salfa ya kupulizia mikorosho na utauza msimu ukifika. Rahimu ndiye aliyeandika sehemu hiyo. Mwanzoni kiwango kilikuwa hamsini. Bosi akataka themanini, ili aweze kusimama mbele ya wakubwa na kusema wakulima hewa wamekwisha.

Mwenzake, Scholastika, akauliza kwenye kikao, "Na wenye vidole vilivyochakaa?"

"Ni wachache," akajibu Rahimu. "Tutawawekea utaratibu."

Alibadilisha hamsini kuwa themanini kabla ya chakula cha mchana. Na utaratibu aliuweka, mstari mmoja kwenye kioo: Alama haisomeki. Leta mwakilishi wa familia. Ila nafasi ya jina ilikuwa moja tu, kwa hiyo shamba lingeandikwa jina la mwenye kidole. Hilo aliliona. Akaliandika kwenye orodha ya mambo ya awamu ya pili. Awamu ya pili haikuja. Kampuni ikakosa kazi nyingine, wafanyakazi wakaagwa, na Rahimu akarudi Ruangwa na begi moja na hasira nyingi, zote akazielekeza kwa watu aliowaita "wao".

Mtu mwingine angesamehewa. Kijana wa Dar ambaye korosho ameziona kwenye pakiti tu, angejuaje? Lakini huyu alilelewa na vidole vile, vilimlisha na kumvisha, na siku alipotakiwa kuvikumbuka hakuvikumbuka. Mimi nadhani alikuwa amejizoeza kutovikumbuka.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mama alimpigia simu kwa kitochi chake. "Baba, kesho ni siku ya mwisho ya kuandikisha wakulima kwenye chama cha ushirika. Njoo unisindikize. Ndiyo ile mashine yako, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Sijamwambia mtu kuwa ni kazi ya mwanangu. Nitawaambia nikishatoka mule."

Kipriani alimpeleka Mbekenyera asubuhi. Kwenye kibaraza cha chama cha msingi foleni ilikuwa ndefu, wengi wao wanawake. Mezani alikaa ofisa kijana, Evarist, na kishikwambi na kile kidude cha kusomea kidole. Bi Hajra alikuwa wa nne. Alikuwa ameoga, amejifunga khanga mbili, na vidole alivisugua kwa limau mpaka vimekwaruzika.

"Shikamoo, mama," alisema Evarist. "Weka kidole gumba hapa. Usibonyeze sana."

Kioo kikawa chekundu. Akaweka kingine. Chekundu. Wakapitia vyote kumi, Evarist akavifuta kwa kitambaa, wakarudia, na namba kubwa kuliko zote iliyotokea ilikuwa hamsini na moja. Nyuma yao wanawake wakaanza kuvitazama vidole vyao wenyewe.

"Mfumo umekataa, mama," alisema Evarist.

Rahimu akalipuka. Alisimama katikati ya kibaraza akasema yote ya bandani na zaidi: kwamba mfumo haukatai, mtu ndiye anakataa, kwamba hawa waliotengeneza hawajawahi kuona shamba wala mwanamke anayebangua, kwamba wanakaa kwenye baridi ya viyoyozi wanapima watu kwa namba, kisha mwanasiasa anakuja kukata utepe na kupigwa picha. Alisema vizuri. Wanawake wakaitikia, "Sema, baba," na mzee mmoja akapiga makofi.

Evarist alimsikiliza mpaka mwisho, bila ubishi. Alikuwa amechoka, jasho limemlowesha shati.

"Kaka, unayosema ni kweli tupu," alisema. "Mimi nimepewa tu mashine. Juzi Ruponda nimerudisha akina mama kibao, usiku sipati usingizi. Hao waliotengeneza ndio wa kuulizwa. Wewe mtu wa kompyuta, unawajua?"

Kibaraza kizima kikamgeukia. Kipriani, aliyekuwa ameegemea pikipiki, aliinua uso. Bi Hajra hakuinua. Alikuwa anafunga na kufungua pindo la khanga.

Ilikuwa kazi ya neno moja. Angelisema, Evarist angempa simu azungumze na wakubwa, jina la aliyeandika lingejulikana, na huenda mtu angelazimika kuirudisha ile namba kwenye hamsini. Huenda pia wanawake wangemtemea mate. Rahimu alitazama foleni yote ile.

"Siwajui," alisema.

Bi Hajra aliacha kufunga pindo.

"Basi lete mwakilishi, mama," Evarist akasoma kioo. "Alasiri tunafunga, na bila usajili salfa hakuna. Una mtoto mwingine?"

"Hadija yuko Lionja," alisema. "Hawezi kufika leo. Na hata angefika, vidole vyake ni kama vyangu."

Salfa isipopulizwa, ubwiri, ule ukungu mweupe, unakula maua yote, na mwaka unakuwa umepotea. Hilo kila aliyekuwa pale alilijua. Bi Hajra akageuka, akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu hotuba.

"Weka kidole, baba."

"Mama, nikiweka mimi, shamba litakuwa—"

"Najua umesoma. Weka."

Aliweka. Kidole laini cha mtu aliyefukuzwa jikoni asome. Kioo kikawa kijani papo hapo, tisini na sita, na Evarist akasoma kwa sauti maneno ambayo Rahimu mwenyewe aliyaandika, akiwa ameshiba, akiona ni jambo la kiungwana: "Karibu, mkulima Rahimu Masoudi. Shamba lako lenye mikorosho arobaini na miwili limesajiliwa." Kisha akauliza, "Mama tumwandike wapi?" akatafuta nafasi juu na chini, hakuiona. "Basi. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Bibi Rabia, jirani wa Bi Hajra, aliyekuja zamani kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mtoto wake pekee alizikwa mwaka juzi. Hakusogea hata mezani. Alivitazama vidole vyake, akasema, "Mimi hapo nitamleta nani," akaokota mfuko wake akashuka ngazi taratibu.

Njiani kurudi nyumbani, mama alitembea mbele na Rahimu nyuma, Kipriani akikokota pikipiki mbali kidogo kwa heshima. Wakafika kwenye njia panda.

"Ulisema waliotengeneza hawajawahi kumwona mwanamke anayebangua," alisema Bi Hajra bila kugeuka.

"Mama, nilitaka—"

"Nilikuwa nimewaandalia wenzangu maneno ya kuwaambia nikitoka. Nilikuwa nimeyapanga tangu juzi."

Rahimu alilia, na alilia kweli, kwa aibu wala si kwa hasira. Mama hakumbembeleza kama alivyozoea. Alimwacha amalize, akasonga mbele, na alipofika nyumbani akawasha moto, kwa sababu kulikuwa na debe la korosho linasubiri kukaangwa.

Rahimu alilala pale. Kulipokucha aliamua kutangulia shambani, akakate magugu chini ya mikorosho, angalau mikono yake ifanye kitu. Hajafika mbali na kazi akasikia hatua. Bi Hajra alikuwa amekuja na jembe begani, kama alivyokuja kila asubuhi kwa miaka arobaini. Lakini hakuingia. Alisimama mpakani, pale penye mkonge, akashusha jembe.

"Hodi," alisema.

Rahimu alidhani anamtania, akajaribu kucheka. Uso wa mama haukuwa na utani. Alikuwa amesimama kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu, vidole vyake vyeusi vimeshika mpini, anasubiri.

"Mama, tafadhali, ingia."

"Hodi," alirudia.

Mbele yake kulikuwa na mikorosho aliyoipanda akiwa amembeba tumboni, majani mapya ndiyo kwanza yanachipua. Mama hakukanyaga. Jua lilipanda, umande ukakauka, na mwisho ikabidi Rahimu afungue kinywa na kulitamka lile neno aliloliandika kwenye kioo.

"Karibu," alisema.

Bi Hajra akasema ahsante, akavua kandambili, akaingia kulima.