Nilivyoitangaza Picha Namba Arobaini na Saba

Sina wa kumsingizia. Hata shetani nimejaribu kumbambikia kosa hili, halikumkaa. Nilifanya mwenyewe, mchana kweupe, tena kwa kiherehere!

Miaka hiyo nilikuwa katibu wa parokia yetu, huku juu migombani, Moshi. Watu wetu walioko Dar wakatununulia kompyuta na skana, wakataka picha za zamani za parokia ziwekwe kwenye mtandao kabla mchwa hawajazimaliza. Nikapelekwa semina ya siku mbili mjini. Ndugu yangu, ogopa mtu aliyetoka semina! Nilirudi na faili kwapani na maneno mapya mdomoni: hakimiliki, faragha, utaratibu.

Kila Jumatano nilishuka kwenye kafe ya intaneti, pale Mawenzi, kupandisha picha. Watazamaji wenyewe tulikuwa mimi na wale wa Dar wakikumbuka vihamba vyao, mashamba yao ya migomba huku nyumbani.

Siku moja akaja ofisini mama mmoja wa kwaya, nitamwita Mama Neema. Akarudishia mlango.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, mama. Kaa basi."

"Dada yangu wa Dar ameniona kwenye ile picha namba arobaini na saba. Naomba uitoe."

Ilikuwa picha ya wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa masista, waliotutembelea zamani siku ya sikukuu ya parokia, wamevaa shela nyeupe. Wa tatu ni yeye. Alikaa utawani miaka miwili, akatoka kwa ruhusa kabla ya nadhiri, baadaye akaolewa kwetu. Dhambi hapo iko wapi? Mumewe alijua. Mama mkwe ndiye ambaye hakujua.

"Akijua," akaniambia, "atasema nilimkimbia Mungu, ndiyo maana akaniadhibu kwa kifo cha yule mtoto niliyemzika. Nitafukuzwa pale nyumbani. Unamjua, Katibu."

Nilimjua. Nani asiyemjua!

Kufuta picha ni kubonyeza mara moja. Mimi nikamwambia, "Mama Neema, kuna utaratibu." Jamani, mdomo huu!

Semina walisema, kabla ya kuondoa kitu, wenye haki nacho waulizwe. Nikajiuliza, picha ya parokia ni ya nani? Ya waumini. Na waumini sisi tunawaulizaje kama kuna pingamizi? Si kama tunavyotangaza ndoa? Jumapili tatu mfululizo! Nikajiona nina akili kuliko walionifundisha.

Na usiri niliuzingatia, msidhani. Jina sikulitaja. Nilisimama baada ya komunyo, nikasoma kwa sauti nzuri: "Mmoja wa waliomo kwenye picha namba arobaini na saba, iliyoko mtandaoni, ameomba iondolewe. Mwenye pingamizi afike ofisini."

Kule kwenye kwaya Mama Neema aliinamisha kichwa. Misa ilipoisha akanifuata nyuma ya sakristia.

"Umenifanya nini? Ifute leo!"

"Tukikatisha sasa, mama, ndiyo watu watashuku," nikamjibu. Yaani nilimtuliza!

Wiki hiyo watu ambao hawajawahi hata kugusa kompyuta walishuka mjini kwa makundi. Mwenye kafe akaanza kuniita mzee. Jumapili ya pili, picha iliyochapishwa ilikuwa kilabuni, inapita mkono kwa mkono pamoja na mbege. Jumapili ya tatu nikatangaza tena, maana utaratibu ni utaratibu. Hakuna aliyepinga. Jumatano nikaifuta, nikaandika kwenye faili: ombi limeshughulikiwa.

Wakati naandika hivyo, mama mkwe alikuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la kanga.

Aliipeleka kwenye kikao cha ukoo. Akaanza na yule mtoto aliyezikwa, akamalizia na ng'ombe waliokufa, yote eti adhabu ya Mungu. Na yule mume aliyejua yote tangu uchumba, alipoulizwa akasema hakuwahi kuambiwa. Mwanaume mzima! Mama Neema akaondoka na kitindamimba wake, akaenda Chekereni kulima mpunga kwenye majaruba ya watu. Wakubwa walibaki kwa bibi yao.

Mimi nilivuliwa ukatibu, lakini hilo si kitu. Watu waliacha kuniambia mambo yao. Mke wangu mwenyewe, akiwa na la moyoni, anampelekea dada yake. Inauma, nyie! Inauma kwa sababu ana haki.

Mwishowe nikachuma jani la isale, nikamfuata Chekereni. Kwetu ukiletewa isale la kuombwa msamaha hukatai, hata kama roho haitaki. Nililijua hilo, ndiyo maana nikaenda nalo. Hata msamaha niliutafuta kwa ujanja!

Nilimkuta na tope hadi magotini. Aliliangalia jani, akaniangalia mimi, akalipokea.

"Nimekusamehe, Katibu," akasema. "Ila usitangaze."

Na leo, ona, nawaandikia ninyi nyote. Sijui nina ugonjwa gani!

Basi wewe uliyekabidhiwa picha za watu, nisikilize. Mtu akikuomba uitoe sura yake, itoe akiwa bado amekaa hapo mbele yako. Wenye pingamizi, kama wapo, utawaomba radhi baadaye. Watakusamehe tu, hawana walichopoteza. Yeye ana watoto watatu ambao mpaka leo huwaona wakiteremka Chekereni siku za likizo, tena bibi yao akipenda.