Binti Yangu Anataka Kucheza Mpira Alikocheza Marehemu Baba Yake

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka 43, Mtanzania, Muislamu, naishi Westerville, hapa Columbus, Marekani. Mume wangu alikuwa Myahudi wa Buffalo. Ndugu zangu walichukua miaka kuizoea ndoa yetu, na walipoizoea tu, akafariki. Aliniachia binti mmoja, sasa ana miaka kumi na sita, na mpira ndio maisha yake.

Mwezi uliopita aliniaga anakwenda Louisville, kuna mechi ya shule, atalala kwa mjomba wake. Nikamruhusu. Kumbe alikwenda kwenye majaribio ya timu ya wasichana itakayocheza mashindano ya Wayahudi wa dunia nzima, kule Israeli. Nimejua siku ya Idi. Tuko mezani, kaka yangu huyo wa Louisville kaja na familia yake, simu ikalia, nikaweka spika. Mama mkwe wangu huyo, kutoka Buffalo: "Hongera! Binti yetu kachaguliwa!" Nikazima spika, lakini wote walishasikia.

Kaka akamgeukia mtoto. "Umelala kwangu, umekula kwangu, kumbe unanidanganya? Wataanza kukupa jezi, watamalizia kukupa dini."

Binti yangu akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: "Baba alicheza mashindano hayo. Humu ndani hakuna anayemtaja baba. Nikimtaja, Mama analia, na nyie mnabadilisha mazungumzo."

Nikasema haendi. Nilisema kwa sababu kaka ananitazama. Kesho yake akapanda basi kwenda kwa bibi yake.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawavalisha fulana ndani nje. Leo nimeendesha mpaka Buffalo. Nimemkuta kwenye uwanja ulio karibu na nyumba ya bibi yake, anapiga mpira ukutani peke yake, bibi yake kakaa kwenye benchi. Bibi akaniambia, "Sikukuibia mtoto, mwanangu. Na mimi nilifiwa." Binti aliniona. Hakuja. Aliendelea kupiga mpira wake.

Ijumaa watu wa timu wanataka jibu langu. Kaka amesema mtoto akienda, nisimpigie tena simu, na ndiye aliyenipokea nchi hii, ndiye aliyenishika mkono msibani. Na mimi mwenyewe, wallahi, naogopa: akifika huko akajiona yuko kwao, atarudi kwangu? Lakini nikimzuia, nimemnyang'anya baba yake, na atakuwa ameniacha akiwa mumo humo nyumbani kwangu.

Yeye na bibi yake wameshaingia ndani. Mimi niko kwenye gari nje, sijazima injini. Enyi wazazi wenzangu, nipeni neno: nikigonga ule mlango, nimwambie nini mwanangu?