Kisu cha Mama na Unga Usio na Chuma

Kazi yangu maabarani ni kuchoma maganda ya ndizi mbichi pasipo hewa hadi yawe unga mweusi, kisha unga huo, ukisaidiwa na umeme, hutoa kwenye maji gesi ya haidrojeni, inayoweza kuendesha hata magari. Wenye fedha zao hutumia madini ya platini. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba mkaa mtupu, usio na chembe ya madini, unatosha. Vipimo vikakuta chuma ndani ya unga wangu. Msimamizi akaniambia kwa upole kwamba kikionekana tena, nitafute mada nyingine ya shahada. Niliogopa sana.

Nikaona wazi kwamba chuma kilitoka kwenye kisu cha mama, kwani ndiye aliyenimenyea zile ndizi. Nikafunga safari hadi kijijini kwetu Rugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kisu kilichokulisha ndizi zetu za ebitoke mpaka ukafika chuo, leo ndicho kinakuharibia masomo?"

Sikubishana naye. Nilikitia kisu begini asije akakitumia tena, nikapasua mwanzi kwa jiwe, nikampa kibanzi amenyee. Alimenya asubuhi nzima, akinung'unika na kucheka, utomvu ukamwacha na vidole vyeusi. Jumapili kanisani wenzake wakamuuliza mikono imepatwa na nini.

"Natengeneza mafuta ya magari," akajibu, uso mkavu kabisa.

Tuliporudi nyumbani nikaona alipoyaanika maganda: juu ya bati kuukuu lililojaa kutu.

"Mbuzi wasiyafikie," akasema kwa fahari.

Niliketi chini, nisijue nicheke au nilie. Nilimweleza kwamba kutu nayo ni chuma. Aliingia migombani, akarudi na mkungu mwingine, akaokota mwanzi wake, akaanza upya. Safari hii tulianika juu ya mkeka, na mbuzi nikawafukuza mimi mwenyewe.

Wiki kadhaa baadaye mashine haikuona chuma, na vipovu vikapanda kwenye maji kama uji unaoanza kuchemka. Nilimpigia mama, nikaisogeza simu karibu na chupa asikie.

"Sisikii chochote," akasema. "Lakini nimefurahi, mwanangu. Sasa kisu changu kinarudi lini?"

Nikalivuta begi kutoka chini ya meza. Kisu kilikuwamo, nami nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikamuuliza siku zote hizo alikuwa akimenya ndizi kwa kutumia nini.

"Kwa mwanzi wako," akasema. "Si hukuniambia kama jaribio limekwisha."