Boila ya Buluu

Kiwandani walimwita Mama Taarifa. Nyumbani, watoto wa dada yake walimwita Mama Mdogo. Hakuwa mtu wa kutulia: kalamu nyuma ya sikio, chai imepoa mezani, yeye kiguu na njia toka ofisi hii hadi ile. Kazi yake ilikuwa kuandika kile kitabu kinachong'aa cha kila mwaka, kinachoeleza mema ambayo kiwanda cha nguo kimewatendea majirani.

Kitabu hicho kilikuwa na desturi yake: kiliandikwa kwanza, mema yakafuata. "Wewe andika, tutatenda," Mkurugenzi alikuwa akisema. Na mara nyingi walitenda kweli. Madawati yaliandikwa, kisha yakafika shuleni vanishi ikiwa bado mbichi. Basi mwaka huu Mama Taarifa akaandika bila wasiwasi kwamba mtambo wa kusafisha maji ya rangi umeshasimikwa, na kijito kinachopokea maji hayo ni salama.

Kitabu kikawa tayari kwenda kwa mchapaji. Mtambo wenyewe, hata kivuli chake hakikuonekana.

Dada yake aliishi kando ya kijito hicho, chini ya kiwanda.

"Mama Mdogo, leo wametia rangi gani?" mpwa wake aliuliza akijikuna mikono. "Maana juzi nimeoga kijitoni nikatoka zambarau!"

Wakacheka. Dada hakucheka.

"Ukiandika ni salama, mdogo wangu, nani atatusikiliza tena tukisema tunawashwa?"

Akaondoka na neno hilo. Asubuhi akaingia kwa Mkurugenzi.

"Bosi, ule ukurasa wa mtambo tuutoe."

"Tuutoe? Wenye hisa wanausubiri huo huo!"

"Lakini hatuna hata picha."

Hapo alimgusa penyewe, maana hakuna ukurasa ambao picha ya Mkurugenzi haikuwamo. Akagonga meza kwa vidole.

"Ile boila mbovu ya kuchemshia maji, nyuma ya ghala. Ipakeni buluu, nitasimama kando yake."

"Boila, bosi?"

"Nani anajua mtambo unafananaje? Wewe unaujua?"

Pale kiwandani mkubwa hakosei. Ikapakwa. Mkurugenzi akaiegemea kwa madaha apigwe picha, suti ikatoka na bega la buluu. Fundi rangi akageukia ukuta, mgongo ukimtikisika.

Yakabaki maneno ya chini ya picha. Mama Taarifa akaketi, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Mwishowe akafuta habari yote ya mtambo, akaandika: "Mkurugenzi akiwa kando ya boila mbovu iliyopakwa rangi. Mtambo wa kusafisha maji haujanunuliwa."

Mkurugenzi alifunua kurasa akisimama kwenye picha zake tu. "Hapa nimetoka vizuri," akasema, akatia sahihi.

Mchapaji akapiga simu. "Mama, haya maneno ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Haya. Mimi simo!"

Siku wenye hisa walipogawiwa vitabu, Mama Taarifa alikuwa kwa dada yake akikunja nguo, akizikunjua, akizikunja tena. Simu ikalia.

"Ni Mkurugenzi," mpwa akasema, macho yamemtoka.

Dada akampokea zile nguo. Simu ikanyamaza, ikaanza upya.

"Ndiyo, bosi... Hapana, mchapaji hakukosea. Niliandika mimi." Akasikiliza, akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. "Sawa, nakuja sasa hivi. Ila napita njia ya kijitoni, bosi. Nikuletee maji yake kidogo kwenye chupa? Leo ni kijani."